Vitabu Vilivyokuja na Mashuka

Risala ya wafanyakazi wa Kitengo cha Dobi kwa mgeni rasmi, siku ya kuzindua mashine mpya ya pasi

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya wa hospitali; Msimamizi wetu wa Dobi; wauguzi mlioshuka kutoka wodini; wagonjwa mnaotuchungulia madirishani, maana tunawaona; na ndugu wote mliokalia mafurushi kwa sababu viti vimekwisha: karibuni, karibuni sana. Ila furushi la kushoto bado lina unyevu, tusije tukalaumiana.

Mgeni rasmi, wewe leo umeingia kwa mlango wa kijani. Tunaomba uukumbuke huo mlango, maana tutaurudia.

Risala hii tumeiandika mara nne. Ya kwanza Msimamizi aliisoma akasema ni ndefu. Ya pili akasema ni fupi. Ya tatu akauliza, "Hii sasa ni risala au ni hadithi?" Hii ya nne hajaiona, na kama unamwona pale mbele anajifuta jasho, sababu ndiyo hiyo.

Anayekusomea ni karani wetu wa kuhesabu mashuka. Ni mdogo kuliko wote hapa, ametoka chuo juzi tu, na tumemchagua kwa sababu ana sauti na hana haya. Akianza kusoma mbiombio, mnyooshee kidole, atapunguza. Ana habari nyingi na zote zinataka kutoka kwa pamoja, kama watu kwenye mlango mmoja.

HISTORIA YETU, NA YA RAFU

Kwa faida ya wasiojua, kazi yetu ni hii. Kila asubuhi vitoroli vinashuka kutoka wodi tisa. Kila shuka lina namba ya wodi yake, imeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, na hapa kwetu hakuna kosa kubwa kuliko kuchanganya. Tunaanza na Wodi ya Kwanza, ya Wazazi, tunamalizia na ya Tisa, ya Macho. Mwaka mzima ni hivyo. Tuna msemo wetu: nguo hairuki wodi. Hata Msimamizi akija anahema kwamba Wodi ya Nane imeishiwa foronya, anajibiwa, "Foleni ni foleni, kaka."

Kabla ya kutia mashineni tunakung'uta. Jamani, hujaijua dunia kama hujakung'uta mashuka ya hospitali. Tumekuta vijiko, soksi zisizo na wenzake, pete, na siku moja meno ya bandia yakitucheka kutoka ndani ya foronya. Kila kinachookotwa kinaandikwa wodi na tarehe, kinamsubiri mwenyewe miezi mitatu, asipokuja kinapelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka. Ndiyo sheria tuliyoikuta.

Sasa, miaka kumi na moja iliyopita, blanketi moja la Wodi ya Kwanza halikukung'utwa. Aliyezembea hatutamtaja, ila yupo, amevaa aproni ya bluu na ameinamisha kichwa. Blanketi likaingia mashineni, likazunguka saa nzima, na lilipotoka likadondosha kitu kama mkate uliolowa. Kilikuwa kitabu.

Kikapelekwa kwa Mama Pasi.

Mama Pasi, mgeni rasmi, ni yule mrefu, mkavu, aliyesimama karibu na chumba cha kukaushia kama mtu anayesubiri risala iishe arudi kazini. Ana miaka thelathini na moja kwenye pasi. Moto wa pasi anaupima kwa kuisogeza karibu na shavu, na hajawahi kuunguza hata kitambaa cha mkono. Wenzake walimwambia, "Tupa tu, Mama, hicho kimeshakuwa uji." Yeye akakigeuza, akakitazama, akasema, "Kimeharibikia mikononi mwetu. Hatuwezi kukitupa kama vile sisi hatukuwepo."

Basi kila alipomaliza mashuka yake, akawa anatenganisha karatasi moja moja. Moto mdogo, kitambaa juu, anapiga pasi. Na mtu akipiga pasi ukurasa, macho yake yatakaa wapi?

Siku ya kwanza alikuwa anaangalia tu kama wino unahamia kwenye kitambaa. Siku ya pili, Babu Mvuke, fundi wetu wa boila, alipita akamkuta pasi imesimama wima, mkono mmoja kiunoni, midomo inacheza.

"Dada, unaumwa?"

"Hebu nipishe. Huyu mwanamke mumewe alimkimbia, sasa amerudi, na mvua inanyesha."

"Mwanamke gani? Mvua gani? Nje jua linachoma!"

"Babu, nenda kwenye boila yako."

Babu Mvuke hakwenda. Alivuta ndoo, akaifudikiza, akakaa. "Anzia mwanzo," akasema, "na usinirukie maneno."

Siku ya tisa tulikuwa watu kumi na wanne tumeizunguka meza ya pasi. Mume amesimama nje, ameloa chapachapa, anaita. Mke yuko ndani, ameshika komeo la mlango. Mama Pasi akanyoosha mkono achukue karatasi ya mwisho, na karatasi ya mwisho haikuwepo. Ilikuwa imeyeyukia mashineni.

Mgeni rasmi, tumebishana miaka kumi na moja. Babu Mvuke anasema mke alifungua, mwanamume yeyote akiloa hivyo anasameheka. Akina mama wa mashine namba mbili wanasema afungue kwa lipi? Tulitafuta mwenye kitabu, tukaambiwa alishajifungua salama akaruhusiwa, na hakuacha anwani. Mama Pasi akiulizwa maoni yake anasema, "Sijui. Ndiyo maana nasoma vingine."

Maana vingine vilikuja. Vilikuwa vinakuja siku zote, ila tulikuwa tunavihesabu pamoja na vijiko. Mama Pasi akaenda kwa Msimamizi akamwambia kuanzia leo kitabu hakiendi tanurini. Msimamizi akauliza vitakaa wapi na nani atawajibika. "Vitakaa chumba cha kukaushia, pale linapopita bomba la moto, visiote ukungu. Na nitawajibika mimi." Babu Mvuke akapiga rafu kwa mbao za vitanda vibovu.

Tukavipangaje? Kwa wodi, mgeni rasmi. Tungevipanga kwa nini kingine? Ndio mpango pekee tunaoujua. Kila kitabu kikapewa namba ya wodi kwa uzi mwekundu kwenye utepe wa kuwekea alama, na kikakaa na wenzake wa wodi.

Mama Pasi akaweka sharti moja: mali ya mgonjwa haivuki mlango. Soma hapahapa, wakati wa mapumziko, mikono mikavu. Karani wetu, huyuhuyu, wiki yake ya kwanza alitumbukiza kimoja kwenye mkoba akafike nacho nyumbani. Alikamatiwa kwenye mlango wa kijani.

"Binti, mkoba wako umenenepa tangu asubuhi."

"Mama, nakirudisha kesho! Nimebakiza sura mbili tu."

"Na mwenyewe akija leo?"

"Mama, kina miaka minne hapo rafuni, mwenyewe aje leo?"

"Ndiyo siku anazokujaga watu," akasema Mama Pasi, akakichukua, akakifuta jalada kwa aproni, akakirudisha. Na unajua nini? Wanakuja kweli. Mpaka sasa wamekuja kumi na wawili. Mmoja alikuja baada ya miaka sita, akaikuta karatasi yake ya dawa bado imo ukurasa wa themanini, akaondoka analia na kucheka.

MAFANIKIO

Leo hii tuna vitabu mia moja sitini na vitatu. Na kwa sababu vimepangwa kwa wodi, mgeni rasmi, ukivuta kimoja hujui umevuta nini. Hadithi ya wapelelezi imeegemea kitabu cha sala. Kitabu cha kuchonga vinyago kimebanana na cha mapenzi, tena mapenzi yale ya kusoma huku umegeukia ukuta. Mtu anakwenda kutafuta kitu cha kumchekesha, anarudi amebeba maisha ya mtu aliyekaa pangoni akimtafuta Mungu, na anapotea humo mpaka mashine inapiga kengele. Karani alipofika alitaka kutupangia upya kama alivyofundishwa chuoni, hadithi kule, dini huku. Mama Pasi akamwuliza, "Mwanangu, wagonjwa walilala hivyo?"

Kwa kweli kila wodi ina tabia yake. Wodi ya Kwanza ni riwaya fupifupi, mama akisubiri uchungu hana muda wa sura ndefu. Wodi ya Tano, ya Mifupa, ni matofali, maana aliyefungwa plasta anajua atakaa. Wodi ya Tatu, ya Upasuaji, karibu yote ni dini, na hatuhitaji kueleza kwa nini.

Mama Pasi anasoma vyote. Hachagui. Alianza na cha kwanza cha Wodi ya Kwanza na anakwenda kwa foleni, kimoja baada ya kingine, maana nguo hairuki wodi na yeye haoni kwa nini kitabu kiruke. Alipofika Wodi ya Tatu akakutana na kitabu kitakatifu cha dini isiyo yake. Akakaa nacho mbali kidogo siku mbili nzima, amekifunika foronya safi. Siku ya tatu akamfuata Babu Mvuke, ambaye ni mtu wa dini hiyo.

"Babu, mimi naruhusiwa?"

"Mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Dada, miaka yote hii mikono yako iko kwenye maji na sabuni. Hospitali nzima hii, kama wewe hujanawa, amenawa nani?"

Akasoma. Ilimchukua miezi miwili na nusu, polepole, kama mtu anayepita nyumbani kwa jirani bila viatu. Alipomaliza hakutoa hotuba. Ila tangu siku hiyo Babu Mvuke akienda kusali, Mama Pasi ndiye anayeiangalia boila, na hajawahi kuombwa.

Mgeni rasmi, sasa tunafika kwenye jambo ambalo lilitutia aibu kwanza, halafu likatushangaza mpaka leo hatujafunga midomo.

Mama Pasi alifika Wodi ya Tano, akafungua kitabu kikubwa, chembamba. Ndani hakuna maneno ya kutosha. Kila ukurasa una mistari mitano imelala sambamba, na juu ya mistari vitone vyeusi, vingine juu ya mstari, vingine katikati, vingine vina vijiti. Akakigeuza juu chini. Akatazama nje ya dirisha. Nje, uani, ndipo zilipo kamba zetu za kuanikia, na kamba zetu ni tano.

"Jamani!" Hatujawahi kumsikia Mama Pasi akipaza sauti. "Njooni muone! Kuna mtu ameandika kitabu kizima cha kuanika!"

Tukajaa. Tukatazama. Ilikuwa wazi kama mchana: kamba tano, na vitone ni nguo. Tuliona fahari, mgeni rasmi, tusidanganye. Kwamba kuna mtu mahali fulani aliikalia kazi yetu akaichora, kurasa tisini! Tukamwuliza karani, maana ndiye msomi. Karani akakitazama kwa utulivu, akabana midomo, akasema huo ni mchoro wa kitaalamu wa mtiririko wa hewa. Ndivyo alivyosema. Anaisoma sentensi hii mwenyewe hapa mbele yenu na masikio yanamwaka.

Basi tukasema tujaribu. Tukachukua zile kofia ndogo za kijani za chumba cha upasuaji, maana ni za mviringo kama vile vitone, tukazianika kama kitabu kilivyoelekeza, ukurasa wa kwanza. Za kwenye mstari kwenye kamba, za katikati tukazifungia vipande vya bandeji kati ya kamba na kamba. Mama Pasi anasoma, sisi tunabana. "Kamba ya pili! Sogea kushoto! Hapo hapo!" Tulipomaliza tukarudi nyuma tukaangalia kama hewa inatiririka.

Ndipo mtu akaanza kuimba.

Sauti ilitoka juu, ghorofa ya tatu, dirisha la Wodi ya Mifupa. Sauti ya mwanamume, nzito, ya taratibu. Tukanyanyua vichwa. Mgonjwa alikuwa dirishani, mguu kwenye plasta, anatazama uani kwetu, anaimba. Aliimba mpaka katikati, akasita, akatoa kichwa nje.

"Nyie! Hiyo kofia ya kamba ya tatu, hapo penye ndoo! Imepanda! Ishusheni chini kidogo!"

"Kwa nini?" akauliza Babu Mvuke. "Hewa haipiti?"

"Hewa gani, mzee? Inaimbika vibaya!"

Tukaishusha. Akarudia tangu mwanzo, na safari hii ikapita sawa mpaka mwisho. Mgeni rasmi, sisi tuliomo humu kelele za mashine zimetuzoesha kuongea kwa kupiga ukelele. Siku hiyo hata aliyekuwa na kikohozi alikimeza. Kumi na wanne tumesimama uani na vibanio mikononi, na kofia zetu, kofia tulizozifua wenyewe asubuhi ile, zilikuwa zinasema. Mtu aliye mbali, asiyetujua, anazisoma kwa macho na zinatoka kinywani mwake zikiwa wimbo.

Mama Pasi alikaa chini juu ya furushi. "Kwa hiyo," akasema, kama anaongea na kitabu, "muda wote huu ulikuwa unaimba na mimi nimekuweka rafuni?"

Yule mgonjwa alikuwa mwalimu wa kwaya, na kitabu kilikuwa chake, cha noti za nyimbo. Kilimpotea wiki tatu kabla, kikaja na mashuka. Tulimpandishia. Alikipokea, akakipapasa, akaona uzi mwekundu na namba tano, akamrudishia Mama Pasi. "Kikae kwenu," akasema. "Mimi naujua kwa moyo. Nyie ndio mnao uwanja." Tangu hapo, kila kofia za upasuaji zikiwa nyingi, tunaanika ukurasa mmoja. Wauguzi wanajua. Wagonjwa wa ghorofa ya tatu wanajifanya hawajui, lakini siku ya kofia wote wanataka kitanda cha dirishani.

CHANGAMOTO

Changamoto zetu ni za kawaida na hatutakuchosha nazo. Glavu za mikono mirefu zimetoboka. Mfereji wa nyuma unarudisha maji, na sakafu inateleza mpaka Babu Mvuke anatembea kama mtu anayemvizia kuku. Taa ya chumba cha kukaushia inawaka ikipenda.

Kisha iko ya mashine mpya. Tunaishukuru mno, inanyoosha mashuka mia mbili kwa saa, imekuja na kitabu cha maelekezo ambacho Mama Pasi tayari ameshakisoma, akasema kina mwanzo mzuri lakini hakina watu. Hatuna ugomvi na mashine.

Ila Ijumaa hii Mama Pasi anastaafu.

Na kwenye mlango wa kijani, mgeni rasmi, tulisema tutaurudia, kuna tangazo: Wafanyakazi wa Zamu Tu. Ni tangazo zuri. Lipo kwa ajili ya usafi na usalama wa wagonjwa, na aliyelisimamia kuliko wote ni Mama Pasi mwenyewe. Mwenzetu aliyestaafu mwaka juzi alipokuja kutusalimu, Mama Pasi alizungumza naye kupitia kioo cha mlango, wakapungiana mikono, basi. Kuanzia Jumatatu, wa upande ule wa kioo atakuwa yeye.

Yuko kitabu cha mia moja na kumi na nane, katikati ya Wodi ya Saba. Vimebaki arobaini na vitano.

Msimamizi wetu, mtu mwema, tumtetee hapa kwa kuwa leo tumemtesa, alimwita pembeni akamwambia, "Mama, vichukue hivyo vilivyobaki ukasomee nyumbani. Mimi nitafumba macho."

"Wewe utafumba yako," akajibu Mama Pasi. "Na mimi yangu nitayafanyaje? Sharti niliweka mimi. Nikilivunja siku ya mwisho watasema nilikuwa naingojea hiyo siku."

Tukamwambia basi ruka. Nenda moja kwa moja Wodi ya Tisa, ukasome hata kimoja, kile. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Akatutazama kama tumemwambia achanganye mashuka. "Mgonjwa wa Wodi ya Saba naye ni mtu," akasema.

Kile tunachokisema, mgeni rasmi, ndicho cha mwisho rafuni, Wodi ya Tisa, ya Macho. Mama Pasi, ziba masikio. Mgeni rasmi, utupe nafasi mpaka azibe. Ameziba. Hicho ni kitabu cha picha za rangi. Karatasi iliyokuwa ndani yake ilisema kilinunuliwa na mgonjwa aliyekuwa anangoja kutolewa bandeji machoni, ili kiwe kitu cha kwanza kukiona. Kama alikiona hatujui, kilikuja na shuka. Sote humu ndani tumeshakifungua isipokuwa yeye. Ukurasa wa arobaini kuna mchoro wa mwanamke ana shuka jeupe mikononi, analikunjua, hakuna lolote jingine. Lakini lile shuka jeupe, ukilisogelea, halina weupe! Lina bluu, lina manjano, lina kijani kama cha ndani ya ndizi changa, lina waridi pale linapopita jua. Tulihesabu rangi nane. Akina mama wa mashine namba mbili, ambao hawashangai kitu, walitoka nje wakasimama mbele ya kamba, wakaangalia mashuka yetu wenyewe, na zilikuwepo. Zote nane. Miaka yote tulikuwa tunafua kitu hiki na hatukuwa tumekiona.

Macho hayana pazia, wanasema, lakini ya Mama Pasi yanalo. Tangu kilipokuja anapita mbele ya kitabu hicho kila siku, anakifuta vumbi huku ametazama pembeni, anangoja zamu yake ifike. Haya Mama, zibua.

MAOMBI

Mgeni rasmi, maombi yetu ni matano, na Mama Pasi ameyapitia yote na kuyasahihisha.

Tunaomba glavu mpya. Tunaomba mfereji uzibuliwe kabla Babu Mvuke hajavunjika akapelekwa Wodi ya Tano, ingawa yeye anasema huko kuna vitabu vinene. Tunaomba taa. Tunaomba viatu vya mpira, saizi ya miguu yetu, si zile za kugawiwa bila kupimwa. Na tunaomba mashine mpya iwekwe mbali na bomba la rafu.

Ombi la sita hajui kama limo. Alikuwa amelisikia wiki iliyopita, likiwa la kwanza, akachukua kalamu ya karani akalikata mistari miwili. "Risala ni ya wafanyakazi," akasema. "Isiwe ya mtu mmoja." Mama, tumejadili, tumepiga kura, ni ya wafanyakazi. Na tunakuona umeanza kuvua aproni utoke. Kaa. Akina mama wa mashine namba mbili, mshikeni mkono.

Tunaomba kibali kimoja cha mlango wa kijani, kiandikwe Msomaji. Ataingia mchana, wakati wa mapumziko, amenawa, amevaa aproni safi kama sisi. Hatagusa shuka, ingawa hilo hatuwezi kuliapia. Atakaa kwenye ndoo ileile ya Babu Mvuke. Vitabu arobaini na vitano, kwa foleni, mpaka Wodi ya Tisa. Hatuombi zaidi ya hapo, na vikiongezeka vingine kabla hajamaliza, mgeni rasmi, hilo si kosa letu, ni la wagonjwa.

HITIMISHO

Tunakushukuru kwa kuacha ofisi yako ukashuka kwenye mvuke. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, ila sisi cha kukupa tumekianika uani. Ukitoka sasa hivi kwenda kukata utepe, utaona kamba tano na kofia za kijani. Ni wimbo wa ukurasa wa mwisho wa kile kitabu. Aliyeuanika ni Mama Pasi, tangu saa kumi na mbili asubuhi, akijua ni wa kukukaribisha tu. Mwalimu wa kwaya amerudi kwa miguu yake miwili, yuko kwenye dirisha lake la ghorofa ya tatu, anakungoja.

Ukitazama vizuri utaona kamba ya pili, mwishoni, pana nafasi tupu. Mama Pasi aliiulizia mara tatu, tukamwambia kofia ya mwisho bado iko mashineni. Tumemdanganya na tunaomba radhi. Kofia hiyo iko kwenye sahani pamoja na mkasi wa utepe, na kibanio kimoja.

Kama ombi la sita limekubalika, usilitangaze hapa ndani, mgeni rasmi, maana atalia, na hapendi kulia mbele za watu. Wewe nenda uani uibane tu ile kofia. Sote tutaelewa, na juu dirishani watamalizia. Kama halijakubalika, iache kwenye sahani. Mwalimu ataimba mpaka hapo penye nafasi, atanyamaza, na sisi tutarudi kazini.

Ila utufahamu. Tunayo tayari hadithi moja ya mtu aliyesimama nje ya mlango, na ukurasa wake wa mwisho uliyeyukia mikononi mwetu. Ya pili hatutaiweza.

Mungu aibariki mikono inayofua, awape nafuu wanaolala juu ya kazi yetu, akupe na wewe miaka mingi katika hospitali hii, na kila shuka likushukie likiwa kavu.

Ni sisi, wafanyakazi wa Kitengo cha Dobi, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, ambao nguo yetu hairuki wodi.